Kifua kikuu kwenye kondo la nyuma: jibu linalozikwa ndani ya saa moja

Nyuma ya materniti ya kituo cha afya, mahali popote katika jimbo la Maniema, kunapashwa kuwa na shimo moja lenye mfuniko. Waganga wanaliita shimo la kondo. Mama akishajifungua, mkunga anangoja kondo la nyuma litoke, analigeuza mikononi kuona kama ni zima na kama hakuna kipande kilichobaki tumboni, kisha linapelekwa shimoni. Kwa mama aliyezalia nyumbani, ni bibi au shangazi anayelizika nyuma ya nyumba. Kwa vyovyote, ndani ya saa moja kazi imekwisha.

Mara moja moja, ndani ya nyama hiyo inayozikwa mna jibu la swali litakaloulizwa wiki tatu baadaye: kwa nini mtoto huyu hanyonyi, anapumua mbiombio, na ana homa isiyosikia dawa?

Swali hilo linahusu kifua kikuu, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita TB tu. Tumezoea kuufikiria kama ugonjwa wa mapafu, wa mzee anayekohoa damu au wa kijana aliyerudi kutoka machimboni. Ni wachache wanaojua kwamba mikrobi zake zinaweza kukaa kwenye kondo la nyuma, na kutoka hapo zikamfikia mtoto kabla hajavuta pumzi yake ya kwanza. Katika zone ya afya ya Lusangi, kusini mwa Maniema, kama katika zone jirani za Kasongo, Kunda, Samba, Kabambare na Saramabila, kuutambua kwa wakati ni kazi ngumu. Na ugumu wenyewe hauko pale ambapo mtu angeutafuta kwanza.

Namna mikrobi zinavyofika kwa mtoto

Mama mwenye TB ya mapafu peke yake, kwa kawaida, hamwambukizi mtoto aliye tumboni. Kondo ni ukuta mzuri. Hatari inakuja pale mikrobi zinapoingia kwenye damu ya mama: TB iliyosambaa mwili mzima, TB ya utando wa ubongo, TB mpya iliyojaza maji pembeni mwa mapafu, au TB kwa mama ambaye kinga yake imeshushwa na virusi vya ukimwi. Damu inazibeba mikrobi hadi kwenye kondo, zinakwama pale na kutengeneza vinundu vidogo.

Kinundu kikipasuka upande wa mtoto, kuna njia mbili. Ya kwanza ni mshipa wa kitovu, ambao unapeleka damu moja kwa moja kwenye ini la mtoto. Ndiyo maana kwa watoto wengi wa namna hii ini ndilo linalovimba mapema, hata kabla ya mapafu. Njia ya pili ni maji ya uzazi: mtoto anayameza au anayavuta, mikrobi zikaingia tumboni mwake na kwenye mapafu. Si kila kondo lenye TB linazaa mtoto mwenye TB. Wako watoto waliozaliwa wazima ingawa kondo lao lilikuwa na vinundu. Na jambo la kukumbuka ni kwamba kondo lenye TB linaweza kuonekana zuri kabisa kwa macho. Mkunga mwenye uzoefu wa miaka 30 analigeuza, analisafisha, haoni kitu.

Ekografia nayo haisaidii hapa. Nakiri kwamba kabla ya kuandika makala haya nilidhani mashine ile ingeweza kuonyesha. Inaweza kuonyesha mtoto asiyekua vizuri, lakini haiwezi kusema kwamba sababu ni TB. Kwa hiyo hakuna daktari, iwe Lusangi au Paris, anayetazama tumbo la mama na kutangaza kwamba kondo lina kifua kikuu. Ugonjwa huu unathibitishwa baada ya kuzaa tu, kwa kuchukua kipande cha kondo na kukipima. Kabla ya hapo, anayeweza kutoa habari ni mama mwenyewe.

Wataalamu wanaukubali kuwa ni ugonjwa wa nadra. Katika maandiko yote ya tiba duniani, watoto walioandikwa kuwa walizaliwa na TB ni mamia machache. Lakini nadra ya vitabuni si lazima iwe nadra ya vijijini. Kisa kinaandikwa pale penye labo, daktari wa watoto na mtu aliyefikiria kutafuta. Mwaka wa 1997 madaktari wa Durban, Afrika Kusini, wakiongozwa na Miriam Adhikari, walichapisha makala yaliyoiita TB ya mtoto mchanga ugonjwa unaochomoza. Walitafuta, wakaiona.

Kwa upande wa akina mama, hesabu si ndogo hata kidogo. Watafiti walikadiria katika jarida la Lancet Global Health kwamba mwaka wa 2011 wanawake wapatao 216,500 duniani walikuwa na TB wakiwa na mimba, na zaidi ya 4 kati ya 10 walikuwa Afrika. Kongo yetu imo katika nchi nane ambazo, kwa ripoti ya Shirika la Afya Duniani kuhusu mwaka wa 2023, zina karibu theluthi mbili ya wagonjwa wote wapya wa TB duniani.

Kikohozi kinachojificha ndani ya mimba

Tuangalie mama mmoja wa kufikirika. Ana mimba ya miezi sita. Anachoka, lakini nani hachoki na mimba? Anatokwa na jasho usiku, na joto la Maniema tunalijua. Pumzi inakatika akipanda kutoka mtoni na maji, na kila mtu anamwambia ni mtoto anayemsukuma. Anakohoa kidogo. Mwili wake unapungua mikononi na usoni, lakini tumbo linakua, kwa hiyo kwenye mizani ya CPN uzito haushuki. Ukitazama fishi yake, kila kitu kiko sawa. Alichokosa ni kuongezeka uzito, na hilo halionekani kama mtu halinganishi mwezi huu na mwezi uliopita.

Mume wake alikuwa machimboni upande wa Salamabila, ambako dhahabu ya Namoya imewavuta vijana wengi. Vumbi la mawe linachosha mapafu, watu wanalala wengi katika chumba kimoja, na TB inapenda sana mazingira ya namna hiyo. Amerudi nyumbani na kikohozi chake. Hakuna aliyemuuliza mama juu ya kikohozi cha mume, kwa sababu siku ya CPN mume hayuko.

Kuna pia haya. TB bado ina jina baya. Mwanamke anaogopa kwamba wakwe watasikia, kwamba atatengwa na sahani yake na kikombe chake, kwamba watasema ameleta ugonjwa nyumbani. Basi anapoulizwa kama anakohoa, anajibu hapana. Na muganga mwenye foleni ya akina mama tangu asubuhi anaandika hapana, anamwita anayefuata.

Hapa sehemu yetu ina historia ambayo wengi wameisahau. Tangu miaka ya 1970, Kasongo palikuwa na mradi wa afya ulioendeshwa pamoja na Taasisi ya Tiba za Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji. Mradi wa Kasongo ulijulikana mbali. Utafiti wake juu ya chanjo ya surua ulichapishwa katika Lancet mwaka wa 1981, na namna yake ya kupanga vituo vya afya kuzunguka hospitali moja ya rufaa ilisomwa na waliopanga zone za afya. Lakini kazi inayotuhusu leo ni nyingine, ya mwaka wa 1984, juu ya CPN.

Timu ile ilijiuliza swali rahisi: je, muganga wa kawaida, mwenye maswali machache na kipimo cha urefu, anaweza kujua mapema ni mama gani uchungu wake utakwama kwa sababu njia ni nyembamba? Matokeo yaliwashtua wengi. Kati ya wanawake ambao uchungu wao ulikwama kweli, 71% hawakuwa wametambuliwa mapema. Na kati ya wale walioandikwa kuwa hatarini, 90% hawakupata tatizo hilo. Kazi hiyo ya Kasongo ilitajwa tena na tena duniani kuonyesha kwamba orodha ya maswali peke yake haimlindi mama.

Sasa weka matokeo hayo pembeni ya mengine. Mwaka wa 2013, watafiti wa Afrika Kusini walitangaza kazi yao juu ya wanawake 1,415 wenye mimba wanaoishi na virusi vya ukimwi. Kila mmoja aliulizwa maswali ya kawaida ya TB: unakohoa, una homa, unatoka jasho usiku, umepungua? Kisha makohozi yao yalioteshwa kwenye labo, iwe walijibu ndiyo au hapana. Wanawake 35 walikutwa na TB. Maswali yalikuwa yamewashika 28% tu.

Kwa maneno mengine, zaidi ya wanawake 7 kati ya 10 wenye TB walipita mbele ya muuguzi wakiwa wamejibu hapana kwa kila swali. Ni karibu hesabu ileile ya Kasongo, kwa ugonjwa mwingine, karibu miaka 30 baadaye. Hili halina maana kwamba tuache kuuliza. Kwa yule ambaye ana dalili, swali linaokoa maisha mawili. Maana yake ni kwamba "hapana" ya mama isifunge fishi.

Kinachoweza kufanyika kabla ya uchungu

Muganga anayetaka kwenda mbele ya swali la kikohozi anauliza juu ya nyumba. "Mama, nani anakohoa kwenu? Baba watoto alitoka wapi? Kuna mtu alikunywa dawa za TB mwaka huu?" Mama anayeficha kikohozi chake mara nyingi atasema wazi kikohozi cha shemeji. Kisha anaangalia uzito wa miezi yote kwa mstari mmoja, si wa leo peke yake. Na kwa mama mwenye virusi vya ukimwi, kikohozi cha siku yoyote kinatosha kumpeleka labo, bila kungoja wiki mbili.

Kwenye labo, kila chombo kina mpaka wake. Mikroskopi inahitaji kati ya mikrobi 5,000 na 10,000 katika mililita moja ya makohozi ndipo iweze kuziona. Mama mwenye TB iliyosambaa kwenye damu, huyohuyo ambaye kondo lake liko hatarini, mara nyingi ana mikrobi chache kwenye makohozi. Jibu la mikroskopi linarudi hasi, na watu wanapumua. GeneXpert inaona mikrobi zilizo chache zaidi, tena inasema chini ya saa mbili kama rifampisini bado inafaa. Lakini mashine hiyo inataka umeme, katriji na mtu aliyefundishwa. Pale isipokuwepo, makohozi yanapandishwa pikipiki, na kila anayeijua barabara ya Kabambare wakati wa mvua anajua safari hiyo ni nini. Radio ya kifua nayo inaruhusiwa kwa mama mwenye mimba, tumbo likiwa limefunikwa. Hofu ya mionzi isimnyime mama kipimo anachokihitaji.

Akikutwa na TB, dawa zinaanza palepale, haingojewi azae. Rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na etambutoli kwa miezi miwili, kisha rifampisini na isoniazidi kwa miezi minne, ndizo dawa za kawaida, na zinakubalika katika mimba. Anaongezewa vitamini B6. Inayokatazwa ni sindano ya zamani ya streptomisini, kwa sababu inaweza kumharibu mtoto masikio. Dawa hizi zinatolewa bure chini ya Programu ya taifa ya kupambana na kifua kikuu. Mama aliyeanza dawa mapema na kuzifuata, mtoto wake ana nafasi kubwa ya kuzaliwa mzima. Mama asiyetibiwa anamweka mtoto hatarini hata kama kondo ni safi, maana baada ya kuzaliwa atamkoholea usoni kila usiku.

Chupa mbili

Turudi kwenye lile shimo. Tuseme mama amejulikana kuwa na TB, au ana kikohozi na homa ambavyo bado havijapata jina, na uchungu umemshika. Siku hiyo kondo lisitupwe haraka. Vinakatwa vipande vyake na kuwekwa katika vyombo viwili. Kimoja kina formoli: hicho ni cha mtaalamu wa tishu, atakayekikata vipande vyembamba, akipake rangi ya Ziehl-Neelsen na kutafuta vinundu na mikrobi. Cha pili ni kisafi, kisicho na formoli kabisa, kwa ajili ya kuotesha. Formoli inaua mikrobi. Ukiweka kondo lote ndani yake, umefunga mlango wa kujua kama mikrobi ni hai na dawa gani inaifaa. Kosa hili linatokea hata kwenye hospitali kubwa, si kwetu peke yetu.

Kisha tatizo la pili: chupa ziende wapi? Wataalamu wa tishu wako kwenye hospitali za vyuo vikuu kama Kinshasa na Lubumbashi, si Lusangi. Kuotesha kunachukua wiki kadhaa. Mtoto mgonjwa hana wiki kadhaa. Kwa hiyo mtu anaweza kuuliza, na ni haki yake, chupa hizo zina faida gani kwa kituo kilicho mwisho wa barabara mbovu.

Faida ya kwanza ni kwamba kondo linasema mtoto aliambukizwa wapi. Mwaka wa 1994, Cantwell na wenzake waliandika katika jarida la New England Journal of Medicine vigezo ambavyo madaktari wanavitumia hadi leo: mtoto awe na TB iliyothibitishwa, na pamoja na hiyo, ama ugonjwa umeonekana katika wiki ya kwanza, ama ini lina alama zake, ama kondo au viungo vya uzazi vya mama vina TB, ama imehakikishwa kwamba hakuna aliyemwambukiza baada ya kuzaliwa. Faida ya pili ni ya mama. Watoto wengi wa aina hii ndio waliofanya TB ya mama zao ijulikane; mtoto aliumwa kwanza, ndipo mama akapimwa. Kondo lililochunguzwa lingeugeuza mpangilio huo.

Lakini faida kubwa, kwa maoni yangu, haitoki kwenye mikroskopi ya mbali. Inatoka kwenye kitendo cha kuweka chupa pembeni. Mkunga aliyeambiwa aweke kondo anajua kwamba mtoto huyu asitolewe nyumbani kama wengine. Anajua ni mtoto wa kufuatilia.

Kwa sababu mtoto mwenyewe haonyeshi kitu siku ya kwanza. Dalili zinakuja kwa kawaida katika wiki ya pili au ya tatu: homa, kunyonya kidogo, pumzi ya haraka, tumbo kujaa kwa sababu ini na bandama vimevimba, uzito kusimama. Hizo ni dalili zilezile za maambukizi ya kawaida ya mtoto mchanga. Anapewa antibiotiki, ni sawa kabisa kumpa. Siku tatu, siku nne, hakuna mabadiliko. Hapo ndipo njia zinaachana. Muganga anayejua habari ya mama atafikiria TB, atamwelekeza kwenye hospitali ya rufaa, watapima maji ya tumbo la mtoto au choo chake kwa GeneXpert, na wataanza dawa za TB hata kabla jibu halijarudi. Asiyejua atabadilisha antibiotiki. Nyumbani, kuna watakaosema mtoto amerogwa. Bila dawa za TB, karibu watoto wote wa namna hii wanakufa. Wakipata dawa mapema, wengi wanapona.

Na mtoto wa mama mwenye TB ambaye haonyeshi dalili yoyote? Anaendelea kunyonya, hatengwi na mama yake, mama anafunika kinywa wakati wa kukohoa. Mtoto anapewa dawa ya kinga kwa miezi, kwa kawaida isoniazidi kwa miezi sita. Siku hizi dawa za watoto ziko katika vidonge vinavyoyeyuka kwenye maji. Chanjo ya BCG inangoja hadi dawa hiyo iishe, maana isoniazidi ingeiua chanjo yenyewe. Hili linawachanganya sana wazazi na hata waganga, kwa kuwa BCG ndiyo chanjo ya kwanza tunayoidai kwenye materniti. Tena ina historia ya ajabu: mtoto wa kwanza kupewa BCG duniani, Paris, mwezi wa saba 1921, alikuwa mtoto ambaye mama yake alikuwa amekufa kwa TB muda mfupi baada ya kumzaa. Daktari Benjamin Weill-Hallé alimpa kwa kinywa. Wakati ule hapakuwa na dawa nyingine ya kumpa.

Leo dawa ziko, na vidonge vya TB vinafika mahali ambapo formoli na umeme havifiki. Kinachokosekana kati ya CPN na chumba cha kuzalia ni habari. Mara nyingi anayempokea mama usiku si yule aliyempima mchana, na fishi ndiyo inayozungumza badala ya wote wawili. Kwenye fishi nyingi nafasi ya maelezo iko chini kabisa, mstari mmoja au miwili, na mara nyingi inabaki tupu. Pale panatosha kuandika: mume anakohoa, makohozi ya mama yametumwa, kondo lisitupwe, mtoto asipewe BCG kabla ya daktari kumwona.